Picha za sandukuni na skana inayozifaa

Katika nyumba nyingi za Bujumbura picha za familia hukaa sehemu tatu: kwenye albamu yenye kurasa za gundi, kwenye fremu iliyotundikwa sebuleni, na ndani ya bahasha iliyosukumwa chini ya sanduku la nguo. Anayetaka kununua skana na afungue kwanza sehemu hizo tatu, ahesabu, ndipo aulize bei. Mashine inayofaa picha za karatasi siyo inayofaa filamu, na bei ya moja yaweza kuwa mara tatu au nne ya nyingine.

Kinachopatikana kwa wingi ni karatasi. Mteja wa studio, awe wa Buyenzi au Bwiza, alirudi nyumbani na picha aliyoilipia. Negativu mara nyingi ilibaki kwa mpiga picha, na studio ilipofungwa ikapotea nayo. Wengi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na tena vita vya baada ya 1993, kuelekea Tanzania, Rwanda au Kongo, hawakupata nafasi ya kubeba albamu. Kilichosalimika huwa ni picha moja iliyokunjwa pamoja na karatasi za utambulisho, au nakala aliyokuwa ametumiwa ndugu wa mbali. Picha ya sentimita 9 kwa 13 yenye alama ya mkunjo katikati inaweza basi kuwa ndiyo asilia pekee, na skana ndiyo njia ya kuipatia pacha kabla haijapasuka.

Kwa picha kama hiyo, skana bapa ya bei ya chini inatosha kabisa. Canon CanoScan LiDE 300 na LiDE 400, pamoja na Epson Perfection V39, ni mifano inayojulikana. Ulaya na Marekani huuzwa karibu na dola 100 au pungufu, ingawa usafiri, ushuru na uhaba wa dola huipandisha bei hiyo inapofika Burundi. LiDE 300 ina uzito wa kilo 1.7, hivyo huingia kwenye sanduku la msafiri bila shida. Tena haina waya wa kuchomeka ukutani: inapata umeme kwa waya uleule wa USB unaoiunganisha na kompyuta. Mtaa ukikatika umeme, kazi inaendelea mpaka betri ya kompyuta ndogo iishe. Katika mji ambao ratiba ya Regideso, shirika la umeme na maji, haitabiriki, sifa hiyo ina thamani kuliko nyingi zilizochapwa kwenye boksi.

Skana hizo nyembamba hutumia kihisi cha aina ya CIS, ambacho husafiri kikiwa kimekaribia kugusana na kioo. Kinaona vizuri kile tu kilicholala juu ya kioo. Kitu kikiinuka milimita chache, ukali wa picha unapotea. Hapo ndipo fremu za sebuleni zinapoleta taabu. Unyevu wa kando ya Ziwa Tanganyika huifanya picha igande kwenye kioo cha fremu, na mwenye pupa akiibandua, uso wa mtu hubaki kwenye kioo na karatasi nyeupe mkononi. Picha iliyoganda isibanduliwe kamwe. Iachwe ilivyo, isomwe kupitia kioo chake kwa skana ya aina ya CCD, ambayo ni nene zaidi, ina lenzi na vioo ndani na huona umbali kidogo juu ya kioo, au ipigwe kwa kamera kwenye kivuli cha mchana. Kurasa za albamu ya gundi zisizokubali kuachia picha nazo zitendewe hivyohivyo: ukurasa mzima ulazwe juu ya skana.

Namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, 2,400 au 4,800 au 6,400, ni idadi ya nukta zinazosomwa kwa kila inchi. Wauzaji huitaja kwanza, na wanunuzi wengi huishia hapo. Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini haina uzito huo kwa karatasi. Picha ya sentimita 9 kwa 13 ikisomwa kwa nukta 600 hutoa pikseli 2,126 kwa 3,071, yaani megapikseli 6.5, na inaweza kuchapwa upya kwa ukubwa wa mara mbili kila upande bila kupoteza ubora. Karatasi ya picha yenyewe haina siri zaidi ya hapo. Ukiongeza nukta unaongeza uzito wa faili na muda wa kusubiri, basi. Picha ndogo ya pasi tu ndiyo inayostahili 1,200, kwa kuwa mara nyingi familia hutaka kuikuza ili iwekwe ukutani. Mashine ya bei ndogo kabisa katika orodha hii inavuka vipimo hivyo vyote viwili.

Filamu ni habari nyingine. Negativu ya kawaida ina fremu ya milimita 24 kwa 36, ndogo kuliko kiberiti, na mwanga lazima upite ndani yake. LiDE na V39 hazina taa kwenye kifuniko, kwa hiyo haziwezi kuisoma hata namba yake ikiwa kubwa kiasi gani. Hapa nukta zinahesabika kweli: 2,400 hutoa megapikseli 7.7, kiasi cha kuchapa picha ya sentimita 29 upande mrefu.

Skana bapa yenye taa ya filamu, kama Epson Perfection V600, huchukua fremu 12 za negativu ya kawaida kwa mkupuo, pamoja na filamu pana ya 120 ambayo studio nyingi za zamani zilitumia kwenye kamera za lenzi mbili. Inajitangaza kwa nukta 6,400. Majaribio ya kujitegemea yameonyesha kuwa undani inaoufikia hasa hauvuki nusu ya hapo. Kwa filamu pana upungufu huo hauonekani, kwa sababu fremu ya milimita 56 kwa 56 ni kubwa. Kwa filamu ndogo unaonekana. Skana ya filamu pekee, mfano Plustek OpticFilm 8100 au 8200i, hutoa picha kali zaidi kwa fremu ndogo, lakini hailazi picha ya karatasi wala filamu pana, na fremu husogezwa kwa mkono moja baada ya nyingine. Vipo pia visanduku vya bei ya chini vyenye skrini ndogo, vinavyopiga negativu kwa sekunde moja: ndani yake ni kamera ndogo tu, na sehemu nyeusi sana na nyeupe sana za picha hukosa undani. Mwenye kamera nzuri na lenzi ya kupigia vitu vya karibu atapata matokeo bora kwa kuiweka negativu juu ya kibao cha mwanga.

V600 na 8200i zina mwanga wa infraredi unaotambua vumbi na mikwaruzo ili programu iifute. Kwa filamu ya rangi ni msaada mkubwa. Kwa filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe haufanyi kazi, kwa kuwa chembe za fedha zilizounda picha huuzuia mwanga huo sawasawa na vumbi. Anayetaka kuhifadhi negativu za miaka ya uhuru, nyingi zikiwa za nyeusi na nyeupe, asiilipie sifa hiyo.

Mkusanyiko mkubwa wa filamu kwa kawaida uko mikononi mwa studio au taasisi. Mwaka 2015 kwenye makabati ya UBC, shirika la utangazaji la Uganda, zilipatikana negativu zipatazo 70,000, nyingi za enzi ya Idi Amin. Sehemu yake ilianza kuingizwa kwenye kompyuta 2018 na kuonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda, Kampala, mwaka 2019. Kazi ya namna hiyo inahalalisha mashine ya gharama. Familia yenye bahasha mbili za negativu haina sababu ya kuinunua peke yake. Ndugu wanne au jamaa wa mtaa mmoja wakichangia moja, kila nyumba ikakaa nayo mwezi, mzigo unakuwa mwepesi. Kilicho cha haraka ni kunusa: negativu inayotoa harufu ya siki imeanza kuoza, na hiyo itangulie kabla ya zote.

Skana ya mitumba inafaa ikipimwa kabla ya kulipiwa. Karatasi nyeupe isomwe kwanza: mstari wowote unaokatiza ukurasa kwa urefu ni vumbi au kihisi kilichokufa. Kibandiko cha adapta kisomwe, kwa kuwa umeme wa Burundi ni volti 220 na mashine iliyotoka Marekani huweza kuja na adapta ya volti 120 peke yake. Kishikio cha filamu kiwepo, maana bila hicho taa ya kifuniko haina kazi. Mwisho ni programu: kampuni nyingi huacha kuhudumia mashine za zamani, na Windows mpya ikakataa kuzitambua. VueScan, programu ya kulipia, hufufua nyingi kati yake.

Asiyetaka kununua ana maduka ya sekretaria, yale ya fotokopi. Mashine zao hutosha kwa karatasi, ila mhudumu aambiwe asome kwa nukta 600 na kuhifadhi JPEG, kwani PDF za dukani hubanwa mno. Picha ilazwe kwenye kioo. Isipitishwe kwenye mdomo wa juu unaovuta karatasi, maana ikikwama imeisha.

Kioo cha A4 hubeba picha nne za 9 kwa 13, lakini nne za 10 kwa 15 zinakosa milimita tatu tu, hivyo hupangwa tatu. Kila picha ipulizwe vumbi kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, mate yasije yakadondoka. Ikishasomwa upande wa mbele, igeuzwe. Nyuma ndiko liliko jina la shangazi, tarehe ya harusi na muhuri wa studio, kwa Kirundi, Kifaransa au Kiswahili, kwa kalamu ambayo wino wake tayari unafifia. Faili la upande huo lipewe namba ileile ya picha yake.