Kunasa Kumuse kwa Tarakilishi: Tahadhari kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Mtafiti anayefika Kimilili, katika Kaunti ya Bungoma, ili kurekodi kumuse hupata nafasi moja tu. Kumuse ni hotuba ambayo Wabukusu huitoa baada ya mazishi ya mzee mwenye hadhi, na fanani wake hawezi kuombwa airudie eti kwa sababu mitambo ilikorofisha.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtetemo huo kuwa umeme hafifu. Kisha kadi ya sauti iliyomo katika tarakilishi huupima umeme huo, mara 44,100 kwa sekunde katika kiwango cha CD, na kila kipimo huandikwa kama nambari. Wakati wa kusikiliza, nambari hizo hurejeshwa kuwa umeme na spika huitetemesha hewa upya.

Tatizo ni kwamba fanani wa kumuse hatulii mahali pamoja. Hutembea uwanjani akisema, mara kwa upole, mara kwa ukali. Mtafiti akipandisha mno kiwango cha kupokea sauti ili ayapate maneno ya upole, yale ya ukali huvuka upeo wa vipimo, vilele vya mawimbi hukatwa, na sauti hukwaruza. Programu kama Audacity, ambayo hupatikana bila malipo, haiwezi kukirejesha kikamilifu kilichokatwa. Heri kunasa kwa kiwango cha chini kidogo, kwani sauti hafifu hukuzwa baadaye, ijapokuwa mvumo nao hukua pamoja nayo. Hasara hii si ya masikio tu: Lubukusu, tofauti na Kiswahili sanifu, ni lugha ya toni, na toni ikifichwa na mkwaruzo, anayenukuu matini hubaki kukisia.

Kanda za kaseti nazo zihamishwe kupitia tundu la laini. Tundu la maikrofoni hukuza umeme dhaifu, hivyo umeme wa redio kaseti huulemea.

Rekodi ya msingi ihifadhiwe katika faili ya WAV, si MP3 ambayo hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya sauti. Kwa mkondo mmoja, saa nzima huchukua takribani megabaiti 300. Nakala moja ibaki bila kuhaririwa. Nyingine wapewe wafiwa, ambao ndio waliomwalika fanani.