Eti Shakespeare hakuandika mwenyewe!

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya ubishi uliozuka ofisini kwetu walimu, shule ya msingi huku Chamazi, Temeke, mahali ambapo wazee bado wanapaita kijiji. Mwenzetu mmoja alitueleza, tena kwa uhakika wote, kwamba yule Shakespeare wa Uingereza hakuandika michezo yake. Eti waliandika mabwana wakubwa wakajificha nyuma ya jina lake. Nilipomwuliza sababu alijibu: "Baba yake alikuwa fundi wa kushona glavu, naye chuo kikuu hakukanyaga. Mtu kama huyo angeyajuaje mambo ya wafalme?"

Jibu hilo lilinichoma, na sababu nitaieleza.

Ubishi wenyewe si mpya. Mwaka 1857 mwanamke wa Kimarekani, Delia Bacon, alitoa kitabu akidai kuwa waandishi ni kundi la wakubwa, akiwamo mwanafalsafa Francis Bacon. Mwaka 1920 Mwingereza J. Thomas Looney, ambaye naona haya kusema alikuwa mwalimu kama mimi, alimtaja kabaila Edward de Vere wa Oxford. Wako hata waliosema kuwa Shakespeare ni Mwarabu, jina lake Sheikh Zubeir. Hilo wazee wa barazani walilipenda sana.

Ni kweli wenye shaka wana mambo ya kushika. Wosia wa Shakespeare wa mwaka 1616 hautaji kitabu hata kimoja. Saini zake zinazojulikana ni sita tu, na jina hakuliandika kwa namna moja. Lakini wosia huo huo unawaachia fedha waigizaji wenzake watatu wanunue pete, na wawili kati yao, John Heminges na Henry Condell, ndio waliokusanya michezo 36 katika kitabu cha mwaka 1623 na kumtaja kuwa mwandishi. Hawa walipanda naye jukwaani. Mtunzi Ben Jonson naye alimfahamu, akamsifu humo humo. Jonson alilelewa na baba wa kambo aliyekuwa mwashi. Mbona yeye hatiliwi shaka?

Tena de Vere alikufa mwaka 1604. Mchezo wa Tufani, kama alivyouita S. S. Mushi katika tafsiri yake, wachunguzi wengi wanaona umechota habari za meli ya Waingereza iliyokwama Bermuda mwaka 1609. Marehemu alizipataje? Mwenzetu alijibu kuwa labda aliacha karatasi. Basi, tukanywa chai.

Sikatai kwamba Shakespeare alisaidiwa. Michezo ya mwisho mwisho mingine aliandika pamoja na John Fletcher, na mwaka 2016 wahariri wa Oxford walimtaja Christopher Marlowe kuwa mwenzake katika Henry VI. Kusaidiwa ni jambo moja, kutoandika ni jingine.

Ninachokipinga ni ile kasumba ya kutazama kwanza baba wa mtu ni nani. Shaaban Robert wetu alisoma shule hapa Dar es Salaam mwaka 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha. Tungempima kwa kipimo cha mwenzetu, vitabu vyake tungewapa maofisa wa Kiingereza! Kazi ya mtu hujulikana kwa mkono wake. Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha pale Pugu, alipotafsiri mchezo wa pili wa Shakespeare mwaka 1969 aliuita Mabepari wa Venisi. Asome mtu neno "mabepari" tu, aniambie nani mwingine angelichagua.

Sasa nieleze kilichonichoma. Miaka michache iliyopita msichana wa darasa la sita aliniletea insha juu ya mvua iliyoingia nyumbani kwao usiku. Mama yake hukaanga mihogo kituo cha daladala. Insha ilikuwa nzuri hata nikaandika chini yake kwa wino mwekundu, "Nani amekuandikia?" nikampa sifuri. Hakulia. Alisema tu, "Mwalimu, ni mimi."

Wiki iliyofuata nilimkalisha mbele ya meza yangu nikampa kichwa cha habari papo hapo: Kibatari. Akajaza kurasa mbili. Nikarekebisha alama na kumwomba radhi mbele ya darasa zima. Lakini tangu siku ile insha zake zikawa za mistari sita au saba, hazina kosa wala ladha. Alimaliza darasa la saba vivyo hivyo. Nikipita kituoni mama yake hunikaribisha, "Mwalimu, karibu mihogo," nami hununua, ila sijathubutu kumwuliza kama mtoto bado anaandika.

Mwaka huu nataka wanafunzi wangu waigize Juliasi Kaizari. Nakala tuliyo nayo ni moja, nayo imekosa kurasa za mwisho. Msomaji mwenye nakala asiyoihitaji naomba anijulishe kwa njia ya gazeti hili.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Chamazi, Temeke,
Dar es Salaam.