Bibi Asmaa binti Abubakar katika Kumbukumbu za Wajukuu Wake

Kila mtoto aliyepita chuoni amesikia habari za Bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.), aliyepasua mshipi wake vipande viwili wakati wa Hijra, mwaka 622, akafungia chakula cha safari cha Bwana Mtume (s.a.w.) na cha baba yake, akapata jina la Mwenye Mishipi Miwili. Habari hiyo ni ya ujana wake. Lakini aliishi miaka sabini baadaye, akawa mama, kisha bibi, kisha mkongwe asiyeona; na sehemu hii ya maisha yake haisomwi sana majumbani mwetu.

Waliotuhifadhia habari hizo ni watu wa nyumbani mwake. Mwanawe Urwa alihesabiwa katika mafakihi saba wa Madina. Mwanawe mwingine, Mundhir, alikuwa na binti aitwaye Fatma, na huyo Fatma aliolewa na Hisham mwana wa Urwa. Basi mume na mke walikuwa wajukuu wa bibi mmoja. Aliyoyasikia Fatma kwa bibi yake alimpokeza mumewe, naye Hisham akampokeza Imamu Malik bin Anas, aliyeyatia katika kitabu chake, Muwatta.

Na ni mambo gani hayo? Mengi ni ya ndani ya nyumba. Bibi Asmaa alipoletewa mwanamke mwenye homa, alimwombea dua, akachukua maji akammiminia kifuani kupitia ukosi wa nguo yake, akaeleza kuwa Bwana Mtume aliwaamrisha waipoze homa kwa maji. Yeye ndiye aliyepokea jawabu la Mtume kwa mwanamke aliyeuliza afanyeje nguo yake ikiingia damu ya hedhi: aikwangue, aisugue kwa maji, kisha aisalie. Suala kama hili haya ingeliweza kulizuia lisisemwe, na wanawake wangapi wangelipata taabu! Fatma alisimulia pia kuwa walikuwa wakifunika nyuso zao hali wamehirimia, nao wako pamoja na Bibi Asmaa. Mjukuu alimtazama bibi yake katika safari ya Hija, na alichokiona kikawa ilimu.

Sisi nasi tunao wazee majumbani, tunawapa chakula na dawa kwa wakati wake, na pengine siku nzima ikapita hapana aliyewauliza neno.

Bibi Asmaa hakuwaficha wanawe dhiki aliyoipitia. Urwa alipokea kwake kwamba alipoolewa na Zubeir bin Awwam (r.a.), bwana huyo hakuwa na mali wala mtumwa, ila farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Yeye mwenyewe akimlisha farasi, akiteka maji, akishona ndoo ya ngozi, akikanda unga. Lakini mkate hakujua kuupika vizuri, akipikiwa na jirani zake wanawake wa Kiansari, ambao aliwasifu kwa ukweli wao. Kokwa za tende akizibeba kichwani theluthi mbili za farsakhi, yaani kama maili mbili. Mwishowe Sayyidna Abubakar alimpelekea mtumishi wa kumtunza farasi, naye akasema ilikuwa kama kwamba ameachwa huru. Binti wa Abubakar kusema hadharani kuwa hakujua kupika mkate! Mimi naona hapo pana heshima kubwa kuliko sifa nyingi tunazowapamba nazo marehemu wetu.

Katika kutoa, mwanawe Abdalla alisema kuwa hakupata kuona wanawake wakarimu kuliko mama yake na Bibi Aisha, mama yake mdogo, ila ukarimu wao ulikhitalifiana. Bibi Aisha akikusanya kitu juu ya kitu, kisha akavigawa. Bibi Asmaa hakuweka kitu cha kesho.

Mtihani wake mkubwa ulikuja uzeeni. Mwaka 73 wa Hijra (692), Hajjaj bin Yusuf aliuzingira mji wa Makka, na watu wengi wakamwacha Abdalla. Wanahistoria wanasimulia kuwa alimwendea mama yake kumtaka shauri, naye akamwambia kwamba akijijua yu katika haki, na asubiri juu yake. Abdalla akauawa, na maiti yake ikatundikwa. Hajjaj akatuma mtu kumwita Bibi Asmaa, akakataa kwenda. Akamtisha, akakataa tena, hata ikambidi Hajjaj aende mwenyewe. Huyo mama mkongwe akamwambia usoni kuwa ameiharibu dunia ya mwanawe, na mwanawe ameiharibu Akhera yake yeye Hajjaj.

Hakuishi sana baada ya hapo. Hisham alipokea kwa baba yake kuwa bibi yao alitimiza miaka mia, na hata jino moja halikumng'oka, wala akili yake haikupotea.