Mtoto Aliyezaliwa na Masikio Yaliyoziba

Siku moja ya kliniki alikuja mama mmoja na mtoto wake wa kiume wa miaka miwili. Mtoto alikuwa amevaa kofia ya sufi, na mama hakutaka kuivua mbele ya wenzake. Tulipoingia ndani aliivua. Sikio la kulia lilikuwa kinyama kidogo kama harage. Tundu halikuwapo. La kushoto lilikuwa vivyo hivyo.

Nyumbani walimwambia kwamba alipokuwa mjamzito alimcheka kiziwi. Bibi mmoja alimshauri mtoto atobolewe tundu kwa sindano ya moto.

Ndugu msomaji, sindano hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Usitoboe! Karibu na sikio hupita mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Kwa mtoto wa namna hii mshipa huo huweza kupita mahali pasipo pa kawaida. Ukiukata, mdomo utakwenda upande na jicho halitafumba.

Tena mama huyo hakumcheka mtu. Sikio hujengeka katika wiki za mwanzo za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Kwa watoto wengi sababu haijulikani.

Nilimuuliza, "Mama, mtoto anasikia chochote?" Akajibu, "Lori la viazi likipita anageuka. Mimi nikimwita hageuki."

Jibu hilo lina maana kubwa. Sikio lina sehemu tatu. Sikio la nje hukusanya sauti. Sikio la kati lina ngoma na vifupa vitatu vinavyotikisika. Kifupa cha mwisho ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Sikio la ndani, lililojikunja kama konokono, hupokea mtikisiko huo na kupeleka habari kwenye ubongo. Kwa watoto wengi waliozaliwa na sikio lililoziba, njia ya nje na vifupa ndivyo vyenye kasoro. Sikio la ndani ni zima.

Jaribu mwenyewe. Ziba masikio yako kwa vidole, kisha sema jina lako. Unasikia, tena sauti ni nzito. Sauti hiyo imepita katika mifupa ya kichwa. Hospitali hutumia njia hiyo hiyo kupima: chombo kinachotikisika huwekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio.

Vifaa vya kumsaidia mtoto hufuata njia hiyo pia. Kipo kifaa kinachovaliwa kwa mkanda kichwani. Hutikisa mfupa, na hakihitaji upasuaji. Hata mtoto wa miezi michache huweza kukivaa.

Kingine hupandikizwa katika sikio la kati. Sehemu moja hukaa nje na kunasa sauti. Hushikwa na sumaku juu ya ngozi. Sehemu ya ndani ina waya mwembamba wenye kipande kinachotikisika, kidogo kuliko punje ya mchele. Daktari hukiunganisha na kifupa, au hukiweka kwenye mlango wa sikio la ndani. Aliyekibuni ni Mmarekani, Geoffrey Ball, ambaye mwenyewe alikuwa hasikii vizuri tangu utotoni. Mtu wa kwanza alipandikizwa mwaka 1996 huko Zürich, Uswisi. Kabla ya upasuaji lazima kichwa kipigwe picha maalumu, maana si kila sikio linafaa. Bei yake ni mamilioni ya shilingi. Sitaki kukudanganya kwamba utakipata kesho.

Watu hukichanganya na kile ambacho Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza mwaka 2017. Hicho ni cha watoto ambao sikio la ndani ndilo bovu.

Kwa hiyo kwanza ni kupima, na upesi. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia, na miaka ya mwanzo ndiyo ya kujifunzia. Akisubiri hadi umri wa shule, atakuwa ameshaitwa bubu. Nenda zahanati, uombe barua ya rufaa ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo.

Watoto wengi huziba sikio moja tu. Huyo atasema vizuri, ila darasani akae sikio zima likimwelekea mwalimu. Sikio hilo likitoa usaha, usingoje hata siku moja, kwa sababu ndilo analotegemea.

Yule mama nilimwandikia barua ya kwenda Mbeya. Nauli aliipata baada ya kuuza debe mbili za maharage. Vipimo vilionyesha kuwa sikio la ndani ni zima pande zote mbili. Kifaa cha mkanda bado anakitafuta. Wakati huu anazungumza na mwanawe karibu sana, kwa sauti kubwa, akimtazama usoni, na mtoto ameanza kusema "mama". Kofia huivaa asubuhi tu, kwenye baridi.