Kabla ya kupanda boti, muulize kapteni redio iko wapi

Desemba ikikaribia unajua vile mipango huwa. Mbogi inachanga pesa, tiketi za SGR zinanunuliwa mapema, na mkifika Watamu au Diani kuna msee anawauzia safari ya boti: pomboo asubuhi, kuogelea kwenye mwamba, samaki wa kuchoma mchana. Mnavaa jaketi za kuokoa maisha, mnapiga selfi mbili tatu, mnaondoka. Swali ambalo karibu hakuna anayeuliza ni hili: injini ikizima huko nje ya mwamba, tutaita usaidizi na nini?

Najua jibu lako. Si simu iko?

Simu ni rafiki wa nchi kavu. Antena za kampuni za simu huelekezwa walipo wateja, na wateja hawaishi baharini. Isitoshe, simu ya 4G hurusha mawimbi kwa nguvu ya takriban wati 0.2. Redio ya mkononi ya baharini, ile VHF ambayo ukubwa wake ni kama wa simu za kitambo za mulika mwizi, hurusha wati 5 au 6. Hiyo ni mara 25 ya simu yako, ama zaidi. Lakini hata nguvu si hoja kubwa. Ukipiga simu unamfikia mtu mmoja, tena lazima uwe na namba yake, awe na chaji, na asiwe amelala. Ukizungumza kwenye chaneli 16 unamfikia kila aliyewasha redio karibu nawe: boti ya watalii iliyo upande wa pili wa mwamba, wavuvi wa maji makuu, meli ya mizigo inayoelekea Kilindini. Watu ambao hukuwajua dakika moja iliyopita ndio watageuza usukani.

Chaneli 16 ni megahezi 156.8, na ni ileile kuanzia Kiunga hadi Vanga, kuanzia Muscat hadi Marseille. Meli kubwa hutega sikio hapo zikiwa safarini. Mombasa kuna kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini, kilichofunguliwa 2006 chini ya Mamlaka ya Ubaharia nchini, KMA, na tangu 2018 kuna pia walinzi wa pwani wa KCGS. Lakini wote hao hawawezi kukusaidia kama redio yako imekufa ndani ya boksi chini ya kiti.

Usichanganye redio hii na woki-toki za mabaunsa. Zile za walinzi wa majengo na mahoteli kwa kawaida ziko kwenye masafa mengine kabisa. Unaweza kupiga kelele mpaka koo likauke na hakuna meli itakayokusikia. Nimewahi kuona moja ikining'inia kwenye boti ya watalii kama pambo. Abiria waliiona wakatulia. Hiyo ni hatari kuliko kukosa redio kabisa.

Sasa, itafika umbali gani? Hapa wauzaji hupenda kuongeza chumvi. Mawimbi ya VHF husafiri karibu mstari mnyoofu, na dunia ni duara, kwa hivyo kinachoamua umbali ni urefu wa antena kuliko wati. Watu wawili waliokaa kwenye boti ndogo, redio zikiwa mita moja na nusu juu ya maji, watasikizana hadi kama kilomita 10. Mmoja wao akiongea na kituo chenye antena ya mita 30, umbali unaweza kufika kilomita 27 au 28 kama hakuna kilima katikati. Hizo ni hesabu za siku nzuri. Ndiyo maana ukiita usaidizi unasimama kama boti inaruhusu, antena ikitazama juu. Ukiilaza kama unaongea na mtu kwenye spika, unajipunguzia nguvu mwenyewe.

Kabla ya kuondoka ufukweni, mwambie kapteni akuonyeshe vitu vitatu tu: pa kuwashia, pa kurudi chaneli 16 haraka (redio nyingi zina kitufe chake kabisa), na kitufe cha kuzungumzia kilicho ubavuni. Hii itachukua dakika moja. Kama ni mtu wa kuheshimu kazi yake hatakasirika. Na sababu ya kumuuliza si kumchunguza. Fikiria mwenyewe: kwenye boti nyingi ndogo anayejua redio ni mmoja, kapteni, na redio iko mfukoni mwake. Sasa ndiye ameanguka majini. Ama mlingoti umempiga kichwani. Watu kumi wamebaki wakitazama kidude chenye vitufe ambacho hakuna aliyewahi kukishika.

Ukilazimika kukishika, weka nguvu ya juu, hakikisha uko 16, sogeza redio vidole vitatu hivi kutoka mdomoni na upe upepo mgongo. Bonyeza, subiri sekunde moja, kisha zungumza polepole. Wengi huanza kuongea kabla kitufe hakijashika na neno la kwanza linapotea. Ujumbe wenyewe unaenda hivi:

"Mayday, Mayday, Mayday. Hii ni boti Upendo, Upendo, Upendo. Mayday, Upendo. Tuko maili mbili mashariki mwa Ras Ngomeni. Boti inaingia maji na injini imezima. Tuko watu tisa, wawili ni watoto. Tunahitaji kuokolewa haraka. Boti ni nyeupe, ina mstari wa samawati. Over."

Halafu achilia kitufe. Hiyo sehemu ya kuachilia ndiyo watu husahau wakiwa na hofu. Kwenye chaneli 16 anayezungumza hawezi kusikia, na mbaya zaidi, anayeendelea kubonyeza anawafungia mdomo wote waliokaribu. Kuna redio hukaliwa na mtu, kitufe kinakwama, na chaneli ya dharura inajaa kicheko na muziki wa boti moja huku mwingine anazama kimya kilomita tano kutoka hapo. Usikalie redio.

Kama hujajibiwa baada ya dakika moja hivi, rudia yote, pamoja na mahali mlipo. Mahali ndio uti wa ujumbe huo. Mtu akikusikia sekunde kumi tu kabla betri ife, heri ajue mko wapi kuliko kujua jina la boti. Na hapa ndipo simu inapata kazi yake: GPS ya simu hufanya kazi hata bila mtandao wala bando. Fungua ramani, gusa ile nukta ya bluu, soma namba. Pwani yetu yote ni kusini mwa ikweta, kwa hivyo utasema nyuzi kadhaa kusini, nyuzi kadhaa mashariki. Simu inakwambia mko wapi, redio inawaambia wengine.

Neno Mayday usilibadilishe. Limetokana na Kifaransa cha "nisaidieni" na lilianza kutumiwa na marubani wa njia ya London na Paris miaka ya 1920. Sehemu inayobaki, sema kwa lugha unayoimudu. Kituo cha Mombasa Kiswahili si tatizo. Ukiwa karibu na meli ya kigeni, Kiingereza cha kuvunjika kinatosha. Neno hilo ni la hatari ya kifo iliyo mbele yenu. Kama injini imezima lakini bahari ni shwari na nanga imeshika, unasema "Pan-Pan" mara tatu badala yake: tunahitaji msaada, bado hatufi. Mkondo ukianza kuwasukuma kwenye mwamba, rudi kwenye Mayday bila aibu. Na ile "over and out" ya kwenye muvi, achana nayo. Over ni "nijibu", out ni "nimemaliza". Huwezi kumwambia mtu yote mawili kwa mpigo.

Redio mpya zaidi zina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikishikilia sekunde chache, redio inatuma yenyewe ujumbe wa dharura wa kidijitali kupitia chaneli 70, ukiwa na utambulisho wa chombo na, kama GPS yake imeshika, mahali mlipo. Ni kitu safi sana, ila lazima redio iwe imewekwa ile namba ya tarakimu tisa inayoitwa MMSI. Za Kenya huanza na 634. Bila namba hiyo kitufe hicho ni rangi tu. Mambo ya vibali vya masafa yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hivyo kama unanunua redio ya boti yako anzia huko. Ukikibonyeza kwa bahati mbaya, usizime redio ukajificha. Tangaza kwenye 16 kwamba ni makosa, taja jina la chombo, ufute. Watu watakasirika kidogo. Afadhali hivyo kuliko kutuma waokoaji bure.

Kwa nyinyi mnaofanya kazi kwenye boti, kuna jambo linaloua redio kuliko ajali: chumvi. Mtu ananunua redio iliyoandikwa IPX7 anadhani ni ya milele. Maana ya alama hiyo ni kwamba ilizamishwa mita moja kwa nusu saa, kwenye maji baridi, ikiwa mpya. Haisemi lolote kuhusu miaka miwili ya jua la Lamu na mchanga kwenye mpira wa kuziba mlango wa betri. Chembe moja ya mchanga hapo na maji yameingia. Kila ukirudi kutoka baharini isuuze kwa maji ya bomba, betri ikiwa imefungwa vizuri, ukiugua na ule ubavu wenye kitufe ambako chumvi hujiganda. Ipanguse, iache ikauke kivulini. Vile vyuma vidogo vya kuchajia vikianza kuwa vya kijani, visugue kwa kifutio cha penseli, vinarudi. Mpira wa kuziba upake grisi kidogo ya silikoni, si vaselini, maana mafuta ya petroli hulainisha aina fulani za mpira hadi zinaharibika. Na petroli yenyewe usiikaribishe. Nimeona watu wakisafishia kila kitu kwa petroli ya injini.

Betri ya lithiamu haipendi joto. Ukiiacha redio juani juu ya boti mchana kutwa, inazeeka haraka. Ikivimba, imekwisha, hata kama bado inawaka. Chaji usiku wa kuamkia safari, na beba ya ziada kwenye mfuko usioingia maji. Kupokea hula chaji kidogo, kurusha ndiko hula nyingi, kwa hivyo porojo za asubuhi kwenye redio mnazilipia jioni.

Walio bandarini wanajua aina nyingine, zile za rangi ya machungwa au njano za boti za kuokolea za meli. Hizo zimewekewa viwango na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini: zianguke kutoka mita moja zisivunjike, betri idumu angalau saa nane. Betri yake ya dharura huwa na lakiri na tarehe ya mwisho, na haiguswi. Kwa mazoezi kuna betri nyingine ya kuchaji. Baharia anayevunja lakiri ili apige stori wakati wa kufunga kamba amewaibia wenzake saa hizo nane.

Kujaribu redio, ita boti ya jirani, mkisikizana mhamie chaneli nyingine ya kazi. Kamwe usijaribu kwa neno Mayday. Na siku utakayosikia Mayday ya mtu mwingine, nyamaza kwanza, chukua kalamu, andika jina, mahali na idadi ya watu. Mpe kituo nafasi ya kujibu. Kimya kikiendelea, huenda wewe ndiye pekee uliyesikia: bonyeza, sema "Mayday Relay" mara tatu, jina lako, kisha usome ulichoandika, ukianza na mahali.