Sickle, Sketch na Sweta

Manze, July ya Dago haina adabu. Baridi inashuka kutoka side ya Ngong, inapita kwa mabati bila hodi. Kwa msee wa kawaida hiyo ni sababu ya kubuy hoodie mpya. Kwa msanii ako na sickle cell, hiyo ni ambush. Seli zinajikunja, zinaleta jam kwa mishipa ka Ngong Road jioni ya mvua. Mifupa inauma mpaka kushika brashi ni kazi. Hiyo ndio crisis.

Wazae wako na dawa, lakini. Mzae: supu ya kichwa kutoka Dagoretti Market, ati inaongeza damu. Auntie wa plot: beetroot. Mathee: vaa sweta. Noma ni kwamba ya sweta ni ukweli, na hatutawahi mwambia.

So unachoraje na mwili haina timetable? Chagua kazi inaweza achwa katikati. Kukesha ukipiga graffiti kwa nganya za 46, wachia wenye damu ya round. Acrylic inakaa fiti kwa Insta, lakini inakauka mbio: ukitoka wodi, palette ni mawe, na ulilipia ganji ya lunch ya wiki. Makaa ya jiko je? Inachora, haikauki, na mathee ndio amebuy.

Cheki Lea Kilenga, dem wa Taita Taveta. Alizaliwa na sickle. Akashika kamera, akazunguka Kenya akipiga portrait za masufferer wenzake. Mwenye ugonjwa ndio alikuwa nyuma ya lens, si mzungu wa NGO na lanyard. Hiyo ndio luku.

Aibu yenyewe iko exhibition. Msee ameshika wine ya bure, anakushow "you're so strong", halafu habuy kitu. Strong hainunui hydroxyurea, dawa ya sickle. SHA nao, wale wa bima ya afya, wanataka 2.75% ya income. Income gani, ile ya logo ya salon uliahidiwa December? Ka huna payslip, kiwango cha chini ni soo tatu kwa mwezi, na unalipa ya mwaka mzima mara moja. 3,600 bana.

Na client akianza kukusumbua na deadline, mshow ni Friday. Usimshow Friday gani.