Kisonono cha Koo: Usingoje Dalili

Ngono ya mdomo haileti mimba, na kwa sababu hiyo wengi huihesabu kuwa salama. Sivyo. Kisonono, kaswende na malengelenge ya sehemu za siri huambukizwa kwa njia hiyo. Virusi vya papiloma navyo huambukizwa hivyo, na huweza kuleta saratani ya koo miaka mingi baadaye. VVU huambukizwa kwa nadra, ila hatari huongezeka mdomo ukiwa na vidonda au fizi zinazotoka damu.

Kisonono cha koo mara nyingi hakiumi wala hakitoi usaha. Hapo ndipo penye mtego. Zahanati zetu, za Mtua na vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, hutibu magonjwa ya ngono zaidi kwa kufuata dalili. Utaratibu huu umesaidia sana: utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa haya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Lakini asiye na dalili hupitwa, na kipimo cha mkojo hakioni kisonono kilichojificha kooni. Kwa hiyo mweleze mhudumu bila kuficha kwamba mdomo ulihusika. Ni wajibu wake kukutunzia siri. Sampuli ya koo ikihitajika, ataulizia hospitali ya wilaya au kukupa rufaa.

Siku ya kupima nayo ina uzito. Ukihofia VVU, wahi kituo ndani ya saa 72 tangu tendo, upimwe na ushauriwe kuhusu dawa za kinga. Kisonono kipimwe baada ya wiki 2. Kaswende huanza kuonekana kwenye damu baada ya wiki kadhaa. Pima wiki ya 6, rudia mwezi wa 3. VVU pia rudia mwezi wa 3, hata kama jibu la awali lilikuwa zuri. Ukiona kidonda au usaha, nenda siku hiyohiyo.

Usijinunulie dawa dukani. Kisonono cha koo ni kigumu kutibu kuliko cha sehemu za siri, na dawa isiyofaa hukijengea usugu. Mwenzi wako atibiwe pia, la sivyo mtaambukizana tena. Tumieni kondomu hata kwa mdomo, na mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapelekeni wakachanjwe dhidi ya virusi vya papiloma.